Siku Moja Bolzano: Anza Makumbusho, Malizia Mlimani

Bolzano, kaskazini mwa Italia katikati ya milima ya Alpi, ni mji mdogo wenye wakazi laki moja na ushei. Kutoka stesheni hadi Piazza Walther, uwanja mkuu wa mji, ni dakika tano kwa miguu. Siku moja inautosha, ila inaharibika upesi ukikosea siku ya wiki. Makumbusho ya akiolojia, yanayowaleta wageni wengi, hufungwa Jumatatu isipokuwa Julai, Agosti na Desemba. Jumapili soko la matunda la Piazza delle Erbe halipo na maduka mengi yamefungwa. Chagua siku yoyote kuanzia Jumanne hadi Ijumaa.

Kabla ya kununua tiketi, fahamu kwamba mji una majina mawili rasmi: Bolzano kwa Kiitaliano na Bozen kwa Kijerumani. Kwenye programu ya reli, ukiona Bolzano Vicentino usiibonyeze. Huo ni mji mwingine, karibu na Vicenza. Usishuke Bolzano Sud pia, kituo cha upande wa viwanja vya maonyesho ya biashara, mbali na mji wa kale. Treni ya EuroCity kutoka Innsbruck, Austria, huchukua takriban saa mbili kupitia Brenner, kwenye mpaka wa Austria na Italia, na safari ya kutoka Verona inakaribiana na hiyo. Tiketi ya karatasi ya treni za kawaida za Italia lazima uigonge mhuri kwenye mashine ya jukwaani kabla hujapanda. Usipoigonga utatozwa faini hata kama umelipa nauli yote.

Kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki: Austria na Italia zote zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo kuvuka Brenner hakuli viza yako ya kuingia mara moja. Hata hivyo tembea na pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu, kwa sababu polisi huweza kukagua hati ndani ya treni.

Makumbusho hufunguliwa saa nne asubuhi. Nunua tiketi mapema kwenye mtandao na uwe mlangoni saa hiyo hiyo, kabla mabasi ya vikundi hayajashusha watu. Humo ndimo alimo Ötzi, mtu aliyekufa miaka kama 5,300 iliyopita na maiti yake kuonekana tarehe 19 Septemba 1991 kwenye barafu, mwinuko wa mita 3,210. Yumo ndani ya chumba cha nyuzi 6 chini ya sifuri chenye unyevu wa asilimia 99, na unamtazama kupitia kidirisha cha sentimita 40 kwa 40. Kidirisha hicho ndicho kinacholeta foleni, maana watu wawili tu wakisimama kimejaa. Nenda hapo kwanza, kisha urudi kwenye vitu vyake bila haraka: shoka lenye kichwa cha shaba, viatu vilivyojazwa nyasi, podo la mishale. Ngozi yake inang'aa kama imepakwa mafuta, kwa sababu hunyunyiziwa maji safi yanayoganda na kuwa tabaka jembamba la barafu ili asikauke. Tenga saa moja na nusu, au mbili ukiwa na watoto wanaopenda kuuliza.

Kula kabla ya saa saba na nusu, kwa kuwa majiko mengi hufungwa alasiri hadi jioni. Chakula cha huku ni madonge ya mkate yaitwayo canederli kwa Kiitaliano na Knödel kwa Kijerumani. Asiyekula nguruwe awe macho: madonge ya kawaida yana speck ndani, yaani nguruwe aliyekaushwa kwa chumvi na moshi, na mara nyingi huletwa ndani ya mchuzi wa nyama. Agiza ya spinachi au ya jibini, na useme wazi “senza speck” au “ohne Speck”, maana hata hayo wengine huyamwagia vipande vyake juu.

Mchana panda Renon, uwanda wa mlimani ulio juu ya mji. Gari la nyaya huondokea via Renon, karibu na stesheni, na kwa dakika kama 12 linakutoa bondeni, mita 262, hadi Soprabolzano, mita 1,221. Wakati wa joto kali tofauti unaisikia mwilini mara tu mlango unapofunguka, hivyo beba sweta hata mwezi wa Julai. Kutoka hapo treni ndogo iliyoanza mwaka 1907 inakwenda Collalbo, kisha unatembea kama nusu saa hadi kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, kila moja na jiwe lake kichwani. Jiwe ndilo mwavuli wake. Likianguka, nguzo nayo huyeyuka na mvua. Desemba giza huingia mapema, basi uwe Collalbo kabla ya saa tisa. Gari la nyaya husimamishwa siku kadhaa kwa mwaka kwa matengenezo. Angalia tarehe kwenye tovuti yake kabla hujaondoka nyumbani. Tiketi ya siku nzima ya Mobilcard inalipia kebo hiyo, treni ndogo na mabasi.

Kuhusu lugha, mjini karibu robo tatu ya watu ni wa Kiitaliano. Huko Renon karibu kila mtu ni wa Kijerumani. Salimu “Buongiorno” chini na “Grüß Gott” juu, kisha fuata lugha atakayokujibu mwenyeji. Usimwambie mtu wa Renon kwamba “hapa si ni Italia?” Eneo hili lilikuwa la Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza, na utawala wa Mussolini ulikipiga marufuku Kijerumani shuleni. Ukishuka ukiwa na saa moja mkononi, nenda kwenye Mnara wa Ushindi wa mwaka 1928, ng'ambo ya mto Talvera. Chini yake kuna maonyesho ya bure yanayoeleza historia hiyo bila kupendelea upande, na kwetu sisi yanastahili kuliko duka lolote la zawadi.

Wakati wa kurudi, tazama mwisho wa safari kwenye ubao wa stesheni. Anayekwenda Innsbruck atafute treni ya München. Ile ya Brennero, yaani Brenner kwa Kiitaliano, itamwacha mpakani, abadilishe.