Panya Hasemi, Mtajuaje Kama Anaumwa?

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Magoti yakinishika, bibi hunichemshia mizizi ya mjafari. Nikimaliza kikombe nalala hata adhana ya alasiri siisikii, na nikiamka naona nafuu. Kijana wa jirani aliye chuoni anasema mizizi kama hii hupimwa kwa panya. Panya hasemi. Watajuaje maumivu yameondoka?
Mvuvi, Shela, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam. Umelitaja mwenyewe: unalala. Hapo ndipo kazi ilipo.

Nilipokuwa msaidizi wa maabara, mimi ndiye niliyeshika saa. Panya huwekwa juu ya bamba lenye joto la nyuzi 55, ukahesabu sekunde mpaka arambe unyayo au aruke. Akikawia kuliko mwenzake aliyepewa maji matupu, huenda dawa imefanya kazi. Muda wa mwisho ukifika unamtoa, arambe asirambe, asije akaungua.

Siku moja panya wangu alitulia pale kama abiria wa basi la alfajiri. Nikaandika sekunde zake kwa furaha. Mkubwa wangu akamchukua, akamlaza chali kiganjani. Panya mzima hujipindua papo hapo. Yule alibaki miguu juu. "Huyu ana usingizi tu," akasema. "Sasa umepima nini?"

Ndiyo maana hupandishwa pia kwenye fimbo inayozunguka. Mwenye usingizi huanguka mapema. Wengine hupewa pentobabitoni, dawa ya kulaza, ionekane kama mizizi inaurefusha usingizi wake. Kando wapo waliopewa mofini, dawa kali ya maumivu, na diazepamu, dawa ya kutuliza inayoleta usingizi, wa kulinganishia.

Tena bibi huchemsha kwa maji. Maabara nyingi huloweka unga wa mizizi kwenye methanoli, aina ya spiriti, kisha huikausha. Kinachotoka humo si kile cha sufuriani kwenu, kwa hiyo hata panya akipata nafuu, kikombe chako bado hakijapimwa.

Usikinywe siku ya kwenda baharini, wala pamoja na vidonge vya usingizi. Goti likivimba na kuwa la moto, nenda hospitali.

Na ukiamka, usiyaulize magoti ukiwa kitandani. Panda kwanza ngazi za nyumbani. Siku nyingine lala bila kikombe, muda ule ule, kisha upande ngazi zile zile.