Re: Picha za setilaiti zinaonyesha Kigamboni miti imeisha, ni kweli?

Mkuu nimekusoma, umelinganisha picha ya Landsat (setilaiti za Marekani) ya Aprili 2014 na ya Septemba 2024 ukaona kijani kimepotea karibu chote, sasa usikimbilie kusema miti imekatwa, Aprili ni masika kila kichaka kinang'aa, Septemba nyasi zimekauka. Chukua picha zote mbili za kiangazi, na cheki mawingu maana huku pwani yanasumbua kweli. Sentinel-2 (setilaiti za Ulaya) ni nzuri zaidi, pikseli yake, yaani kila kidoti cha picha, ni mita 10 kwa 10, ila inaanzia 2015. Bati jipya na mchanga mkavu vyote vinatoka vyeupe, so panda boda ukahakikishe pointi kadhaa. Kama ni ugomvi wa mpaka tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, pikseli ya Landsat ya mita 30 inaweza kumeza viwanja viwili.