Jibu: Ngoma za hotelini zinaua mila zetu?

Dadangu, umeuliza kama ngoma tunazowachezea watalii zinaua mila za Wamijikenda, sisi watu wa pwani ya Kenya, au zinazihifadhi. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, nimecheza hotelini miaka minne, wacha nikueleze nilichokiona.

Ngoma iliyochezwa usiku kucha kwenye matanga, sisi tuliikata ikawa nusu saa kando ya bwawa la kuogelea. Hapo kuna hasara, sikatai. Lakini wasichana waliokuwa wakiliona hando, ile sketi yetu ya marinda, kwa bibi zao tu walijifunza kulifunga, marinda yakakaa sawasawa, na karo ikapatikana.

Kinachoniuma hasa ni vigango. Kigango ni nguzo ya mti inayochongwa kumkumbuka mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Ikishasimikwa haing'olewi, hata mchwa wakiila. Watu wakaja kuviiba na kuviuza kama mapambo, vikaishia ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwa familia moja ya Wagiriama, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, vilirudi 2007 kutoka makumbusho ya Marekani. Miaka 22 marehemu hana nguzo yake! Hilo si utalii tena, ni kumvunjia mtu kaburi.

Ukitaka kuona mambo yakienda vizuri, vuka feri ya Likoni uende Kaya Kinondo, msitu wetu mtakatifu huko Diani. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, anaongozwa na mwenyeji, na kuna mahali haingii hata alipe nini. Wazee ndio wanaoamua kipi kionekane. Kikundi chenu kikialikwa hotelini, kaeni na wazee kwanza mkubaliane ngoma ipi haitoki nyumbani.