Satelaiti zipo, majasusi wa nini?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi mvuvi wa Ngomeni hapa Malindi, kila nikitoka na mashua naiona ile mitambo ya Waitaliano imesimama baharini, na wazee barazani wanasema ati ilikuwa ya kupeleleza dunia. Ni kweli? Na kama mataifa makubwa yana satelaiti na yanasikiliza simu, majasusi bado wanatumwa wa nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ile ni San Marco, ilikuwa ya kurushia roketi. Satelaiti yake maarufu ni Uhuru, ilirushwa 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndo manake ikapewa jina hilo, na kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zinazotoa eksirei, si kuchungulia watu.

Za kupeleleza zipo, tena za zamani. Corona ya Marekani mwaka 1960 ilipiga picha kwa filamu kabisa, ikaangusha mkebe kwa parachuti na ndege ikaudaka hewani! Lakini satelaiti itakuonyesha meli imetia nanga wapi, alichokusudia nahodha haikwambii. Hapo ndo anatakiwa mtu.

Na mtu mmoja anaweza kuuharibu mtambo wote, skiza hii. Miaka ya 50 Wamarekani na Waingereza walichimba handaki chini ya ardhi Berlin, mji wa Ujerumani uliokuwa umegawanywa kati yao na Warusi, kama mita 450 hivi, wakaingia upande wa Warusi wakaunganisha waya kwenye nyaya zao za simu, wakarekodi tangu Mei 1955 mchana na usiku. Kumbe ofisa wa ujasusi wa Uingereza, George Blake, alikuwa jasusi wa Warusi na alishawapa habari kabla jembe halijagusa udongo. Sasa mbona Warusi waliacha simu zao zisikilizwe karibu mwaka mzima? Mimi hapa ndo huwa nashangaa sana. Wangelifunga mapema, Waingereza wangeuliza nani katoboa siri, na Blake angejulikana, kwa hiyo wakaona heri maneno yao yasikike kuliko kumpoteza yeye, wakangoja mpaka Aprili 1956 wakajifanya wamelivumbua kwa bahati tu. Yaani mtu mmoja alithaminiwa kuliko siri zote zilizopita kwenye zile nyaya.

Blake alikamatwa 1961, na wala si mtambo uliomfichua, ni ofisa wa ujasusi wa Poland aliyehamia kwa Wamarekani na habari alizokuwa nazo.