Keki ya mashindano Nane Nane Themi: itakatwa, jiandae kwa hilo

Dada wa Moshi, umeuliza hivi: unaoka keki za bethdei nyumbani, wateja wanazisifia, na mwaka huu unataka kuingia kwenye shindano la kuoka la vikundi pale viwanja vya Themi, Arusha, wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Je, uipambe vipi ili majaji wakuone? Nakujibu kwa kirefu kwa sababu nimeingia na kikundi chetu cha akina mama, na baadaye nikaombwa kukaa na majaji niwaandikie alama. Ukikaa upande ule wa meza unaona mengi.

Mapambo yaweke pembeni kwanza. Jaji anaizunguka keki, anaangalia kama uso umelingana na rangi imeshika sawa kila upande, halafu anachukua kisu. Shindano linaanza hapo. Anakata kuanzia katikati kuja ukingoni, anakiinua kipande na kukigeuzia kwenye mwanga. Anatafuta mashimo marefu yanayopanda juu, maana hayo yanamwambia uliendelea kukoroga baada ya kutia unga. Anatafuta ule mstari mzito chini, wenye rangi ya nta, unaoonyesha keki haikuiva. Anabonyeza kwa kidole aone kama inarudi. Ananusa. Mwisho ndiyo anaonja, kidogo tu, kisha anakunywa maji kabla ya kwenda kwa mwingine. Icing haimsaidii mtu hapo.

Mwaka mmoja fundi mzuri kabisa wa keki za harusi alileta keki ya ghorofa mbili yenye maua ya sukari, watu wakajaa kuipiga picha. Ili apate muda wa kupamba alikuwa ameioka siku kadhaa nyuma. Ilipokatwa ilivunjika makombo, kavu. Pembeni yake palikuwa na mkate wa ndizi wa mzee mmoja wa Kimeru, mkulima wa migomba, ameuoka kwa ndizi kisukari zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi. Haukuwa na pambo lolote. Kipande kilitoka kizima, kina unyevu, kinanukia ndizi. Ulishinda, na ulistahili. Mzee alipopewa cheti alikishika kwa mikono miwili, akamwita mkewe aje asimame naye, kwa sababu ndizi alizichagua mama.

Hata wenzetu waliozoea mashindano haya ya kuoka kwenye maonyesho ya kilimo wanaenda hivyo hivyo. Uingereza keki inayopimwa sana ni Victoria sandwich: keki mbili za kawaida zilizobandikwa kwa jamu ya rasiberi, juu sukari kidogo tu, bila krimu. Wapo majaji wanaokata alama hata kwa mistari ya waya wa kupoozea iliyobaki juu ya keki. Australia, jimbo la New South Wales, lipo shindano la keki ya matunda ambalo washiriki wote wanatumia mapishi mamoja, na washindi wa maonyesho ya vijijini wanapanda ngazi mpaka Sydney Royal Easter Show. Mapishi yakiwa yale yale, kinachobaki ni mkono wa mtu na kulijua jiko lake. Mimi naona huo ndio upimaji wa haki.

Sasa jambo ambalo watu wa Moshi linawaumiza sana, na sioni likisemwa. Moshi mjini iko mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini ni karibu mita 1,400. Ndugu wengi wanakuja kulala kwa shangazi Njiro au Sakina na kuokea huko ili keki iwe ya leo. Ukifanya hivyo kwa vipimo vyako vya Moshi, keki inaweza kupanda haraka kisha ikazama katikati. Juu huku mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo gesi ya beking pauda inatanuka zaidi kabla keki haijashika, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100 za usawa wa bahari, hivyo unyevu unapotea upesi. Kwa Arusha, kila kijiko cha chai cha beking pauda kipunguze kama robo. Punguza sukari kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kila kikombe, ongeza maziwa kiasi hicho hicho, na pandisha oveni nyuzi 10 hivi. Halafu ijaribu kwenye oveni ile ile utakayotumia. Kama huwezi kuijaribu, oka kwako Moshi usiku uje nayo alfajiri.

Mayai nayo. Watu wanapenda ya kienyeji kwa ile rangi ya njano, na mimi pia nayapenda, lakini mengi ni madogo. Mapishi yakisema mayai manne, yanamaanisha ya kisasa, kama gramu 60 kila moja. Acha kuhesabu, pima. Weka mayai na maganda yake kwenye mizani, kisha siagi, sukari na unga kila kimoja kiwe na uzito huo huo. Ndiyo kanuni ya zamani ya keki hiyo ya Victoria na haijawahi kuniangusha.

Agosti Arusha ni baridi, unajua. Siagi inakuwa ngumu, na yai la baridi likiingia mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoganda. Toa siagi na mayai kwenye friji mapema, bakuli likae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Huna oveni? Usiogope. Yupo mama mmoja wa Ngaramtoni anayeoka kwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Nilimwangalia akifanya kazi: hatumii saa. Anaweka kiganja juu ya mfuniko kwa mbali, anaondoa kaa mbili, anasubiri, anarudisha moja. Keki yake inatoka na rangi moja pande zote, na majaji hawakujua ilitoka kwenye mkaa mpaka majina yaliposomwa, maana keki zinawekwa kwa namba. Yule mama namheshimu kuliko mwokaji yeyote ninayemjua.

Njiani shida ni matuta. Kutoka Moshi mpaka hapa ni kilomita 80 hivi. Iache keki ndani ya chombo chake cha kuokea, ipakate mwenyewe, usikubali konda aiweke kwenye buti. Na Themi mwezi wa nane kuna vumbi jingi, kwa hiyo njoo na kawa au kitambaa safi cha kufunikia. Beba pia keki ya pili ya kuonjesha wageni bandani, ile ya mashindano isiguswe.

Kuhusu kuingia, usisubiri Agosti. Maonyesho yanakuwa tarehe 1 hadi 8 Agosti, na nafasi za vikundi kwenye mabanda ya halmashauri zinapangwa mapema. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, au ofisi ya SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, kama unataka kuendelea kibiashara. Wanapenda bidhaa zenye mazao yetu, na mimi nakubaliana nao: ukitumia unga wa viazi lishe au ndizi za mlimani una la kumweleza jaji kuhusu mkulima aliyekuuzia. Ila unga wa viazi peke yake hauna nguvu ya kushika keki kama ngano, changanya.

Ukipenda weka hapa vipimo vyako vyote kwa gramu na upana wa chombo unachookea, na useme utaokea Moshi au Arusha. Nitakuandikia cha kupunguza na cha kuongeza.