Usinunue matairi mapya kabla gurudumu halijatikiswa kwa mikono

Usinunue matairi hayo kesho. Umeeleza kwamba usukani wako unaanza kutetemeka ukifika kilomita 90 kwa saa, kwamba tairi la mbele kulia limelika upande wa ndani hadi limekuwa kipara ilhali upande wa nje bado una meno mazuri, na kwamba muuza matairi amekuhakikishia kuwa ukinunua mawili mapya na kufanyiwa alaimenti mambo yatakuwa yamekwisha. Sasa unauliza uchague chapa ipi, na kama ujaze upepo wa kawaida au naitrojeni. Nami niliambiwa maneno hayo hayo, na matairi niliyouziwa yalilika upande wa ndani vile vinyweleo vya mpira vya ubavuni vikiwa bado vimesimama.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo huyo muuzaji ameyachanganya. Mtetemo unaokuja katika mwendo fulani na kupungua ukiupita husababishwa na kitu kinachozunguka bila uzito wake kulingana pande zote, au kitu ambacho si duara kamili. Gurudumu la gari dogo lenye mzingo wa karibu mita 1.9 huzunguka takribani mara 13 kwa sekunde gari likiwa katika kilomita 90 kwa saa, na kwa kasi hiyo hata gramu chache zilizozidi upande mmoja wa rimu hufika mikononi mwa dereva. Tiba yake ni balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu kwa vipande vidogo vya chuma vinavyobandikwa kwenye rimu. Alaimenti inahusu mwelekeo wa magurudumu na mwinamo wake: ikikosewa, gari huvuta upande na matairi hulika vibaya, lakini yenyewe peke yake haitikisi usukani. Kwa hiyo mtu anayekuahidi kwamba alaimenti itaondoa mtetemo ama hajui kazi yake, ama anajua na anataka tu kuuza.

Kwako dalili zote mbili zimetokea upande mmoja wa gari, na hapo ndipo ningepaza sauti hata kama tungekuwa ana kwa ana. Mtetemo na mliko wa upande mmoja vikija pamoja, shuku mchezo, yaani ulegevu, kwenye viungo vya mbele: boljointi (kiungo chenye kichwa cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka), tairodi (fimbo inayotoka kwenye usukani kugeuza gurudumu), bushi (mipira) za mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na gari, au beringi ya gurudumu. Kiungo kilicholegea hakiwezi kulishika gurudumu mahali pake. Ukikanyaga breki linasogea huku, ukikanyaga mafuta linasogea kule, ukiingia kwenye shimo linarudi kwingine, na mpira wa tairi unaburutwa pembeni kilomita baada ya kilomita. Tairi likishalika hivyo halibaki duara, kwa hiyo nalo linaanza kutetemesha. Ukibadilisha tairi, mtetemo unapungua kwa muda, unafurahi, unalipa, na kiungo kibovu kinaanza kulila tairi jipya siku hiyo hiyo.

Alaimenti nayo hupimwa gari likiwa limesimama. Mashine inasoma mahali gurudumu lilipo wakati huo, fundi anarekebisha, tarakimu zinageuka kijani, unapewa karatasi. Karatasi hiyo haisemi lolote kuhusu mahali gurudumu litakapokuwa gari likiwa barabarani. Ukipima alaimenti juu ya kiungo kinachocheza, umepiga chokaa ukuta ambao msingi wake unatembea. Hili linajulikana kwa kila fundi aliyefundishwa vizuri, kwa sababu ukaguzi wa viungo ndio hatua ya kwanza ya kazi ya alaimenti. Si huduma ya ziada wala hisani. Walionihudumia waliiruka hatua hiyo. Niliporudi na matairi yaliyoharibika walilaumu barabara, kisha wakalaumu rimu, kisha wakaulaumu uendeshaji wangu, na kila mara walitaka nilipie alaimenti upya. Hakuna aliyeinua gari na kulishika gurudumu kwa mikono. Bado hilo linaniuma, kwa sababu ni kazi ya dakika chache na haihitaji mashine yoyote.

Fundi aliyenisaidia hatimaye hakuwasha hata kompyuta. Aliinua upande wa mbele, akaweka stendi, akashika tairi juu na chini na kulisukuma kwa kupokezana mikono. Palisikika mgoto mdogo, tk, tk, na nilipoweka kiganja changu karibu na boljointi niliuhisi kabla ya kuusikia. Mpira unaoifunika ulikuwa umechanika, na grisi iliyobaki ndani ilikuwa nyeusi, imejaa mchanga, ukiipikicha kati ya vidole inakwaruza kama msasa. Uharibifu huo haukuwa wa siku moja, na mtu yeyote ambaye angechungulia kwa tochi angeuona.

Fanya hivyo hivyo, au simama kando fundi akifanya. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, na usitegemee jeki peke yake. Shika tairi kushoto na kulia ulitikise: likicheza, mara nyingi ni tairodi. Shika juu na chini ulitikise: likicheza, ni boljointi au beringi. Ili kuzitofautisha, mtu akanyage breki wakati wewe unatikisa. Mchezo ukitoweka, shuku beringi, na ukibaki, shuku boljointi. Kwenye magari ambayo springi inakalia mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo, la sivyo springi itaibana boljointi na mchezo utajificha. Bushi hazionekani kwa kutikisa tairi. Fundi atumie mtaimbo kuusukuma mkono, na aangalie kama mpira umepasuka au umeachana na chuma. Zungusha pia gurudumu polepole huku ukilitazama kwa mbele: tairi likipanda na kushuka, au likiwa na uvimbe, huenda nyuzi za ndani zimekatika, na hapo hakuna balansi itakayolitibu.

Kuhusu mengine nitasema kwa kifupi. Tairi likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, upepo ulizidi, na kipimo sahihi huwa kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, wala si ile namba ya juu kabisa iliyo ubavuni mwa tairi. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kwenda na kurudi: yakiwa laini upande mmoja na makali ukirudi, uelekeo wa magurudumu umekosewa. Mabonde yaliyopishana kuzunguka tairi huashiria shokamzoba iliyochoka. Usukani ukitetemeka pale tu unapofunga breki, kagua diski za breki. Mtetemo ukisikika zaidi kwenye kiti kuliko kwenye usukani, anza na magurudumu ya nyuma.

Mchezo ukipatikana, badilisha kilichochakaa kwanza. Baada ya hapo ndipo ununue tairi, lifungwe, lifanyiwe balansi, na alaimenti iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu ukibadilisha tairodi uelekeo wa magurudumu hubadilika na kipimo cha awali hakina kazi tena. Kabla rimu haijarudishwa, fundi asugue kutu kwenye uso wa habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake; punje moja ya kutu iliyobanwa hapo inatosha kulikalisha gurudumu upande, na mtetemo utarudi ingawa mashine ya balansi ilionyesha sifuri. Nati zikazwe kwa kupishana, si kwa kuzunguka mduara.

Kesho ukifika kwa huyo muuzaji, kabla hajagusa tairi lolote mwambie aliinue gari na alitikise gurudumu la mbele kulia ukiwa umesimama hapo hapo. Akikujibu kwamba hakuna haja kwa kuwa mashine itaonyesha kila kitu, chukua ufunguo wako uondoke, utafute fundi mwingine.