Kwa mnaoanza wodi ya saratani ya damu: pimeni na urefu

Wadogo zangu, mtafundishwa kufuatilia seli nyeupe, na mtazifuatilia kweli. Lakini mwenye lukemia sugu, saratani ya damu inayokwenda polepole, anaweza kuishi nayo miaka mingi, na mifupa ikadhoofika wakati karatasi ya damu inapendeza.

Ile ya limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe, huwapata zaidi wazee, ambao mifupa yao imeshapungua kwa umri. Hapo ongeza prednisoloni, dawa ya steroidi. Hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi: miligramu 5 kwa siku kwa miezi 3 zinatosha kuongeza hatari ya kuvunjika. Uliza vidonge vyote, hata alivyonunua duka la dawa kwa ajili ya magoti. Wengi hawavihesabu kuwa ni dawa, na ukiuliza kwa haraka hawatavitaja.

Wa lukemia ya mieloidi wanaomeza imatinibu, kidonge cha kuzuia lukemia hiyo, wana jambo lao: dawa hiyo inaweza kushusha fosfati kwenye damu na kuvuruga ujenzi wa mfupa. Omba fosfati na kalsiamu zipimwe, ila usimwambie aache dawa. Ndiyo inayomweka hai.

Mashine ya kupima uzito wa mfupa ni adimu Uganda. Usiisubiri. Msimamishe ukutani bila viatu, andika urefu kwenye faili, rudia kila anaporudi kliniki. Akipungua sentimita 2, omba eksirei ya mgongo. Pingili za mgongo huvunjika kwa kuinua jerikani tu, au bodaboda ikiruka tuta, na nyingi huvunjika mgonjwa asijue. Mama aliyeanza kuinama, gomesi yake, lile vazi refu la akina mama, ikaburuza chini, usimwambie ni uzee.

Si kila mgongo unaouma ni mfupa mwepesi, lakini. Kifua kikuu cha uti wa mgongo tunacho hapa. Miguu ikilegea au mkojo ukizuilika, daktari aitwe saa hiyo hiyo. Na kalsiamu ikipanda kwa mwenye lukemia ya limfosaiti, si kawaida: huenda ugonjwa umegeuka mkali, au kuna mieloma, saratani nyingine ya uboho, pembeni.

Chakula si kigumu: mukene, wale dagaa wa ziwani, waliwe na mifupa yao. Kazi ni kuzuia kuanguka. Mzee mwambie, kwa adabu, asitoke peke yake usiku, kisha muulize anayemsindikiza choo kiko wapi. Kikiwa nje, anunue tochi kabla ya kununua vidonge vya kalsiamu.